Kivuli cha bustani, kidimbwi au tangi la kioo: umpe chura makazi gani?

Mtu akiamua kumkaribisha chura nyumbani, huanza kuwaza vifaa. Achimbe kidimbwi? Anunue tangi la kioo? Au amwachie tu pembe moja ya bustani ajitafutie? Kwangu mimi, la kutangulia ni hesabu ya miaka. Yule chura mnene wa ngozi kavu yenye vipele, anayekaa chini ya taa ya baraza akisubiri wadudu, si kiumbe wa msimu mmoja. Chura wa kawaida wa Ulaya, ambaye ni wa jamii hiyohiyo na amechunguzwa sana, huishi miaka 10 hadi 12 porini, na waliofugwa wamewahi kupita miaka 30. Chura mkubwa wa miwa, mwenye asili ya Amerika ya Kati na Kusini, huweza kutimiza miaka 10 hadi 15. Ukimfungia chura leo mtoto wako akiwa chekechea, huenda chura huyo akawa bado anakudai chakula mtoto anapomaliza kidato cha nne.

Lakini miaka hiyo ni uwezo tu. Chura aliyeumbwa kuishi miaka kumi hufa ndani ya wiki moja makazi yakikosea: ngozi yake ikikauka, maji yakiwa na sumu, au akitumbukia kwenye shimo la maji taka lisilo na pa kupandia. Ndiyo maana siwezi kukutajia makazi bora bila kujua unaishi wapi na nani. Ninachoweza ni kukuwekea njia tatu zinazotumika zaidi, nizipime kwa mizani ileile, kisha uone ipi inakaa vizuri katika maisha yako.

Vigezo tutakavyopimia

Cha kwanza ni umri: makazi haya yanampa chura nafasi gani ya kuzeeka, na je, wewe mwenyewe utakuwepo? Mpangaji anayehama kila baada ya mwaka na mwenye shamba la urithi hawaulizwi swali moja.

Cha pili ni maji, na hapa wengi huchanganya mambo mawili. Kuna maji ya kunywa na kuna maji ya kuzalia. Chura hanywi kwa mdomo. Hufyonza maji kwa ngozi ya tumbo na mapaja akijilaza mahali penye unyevu. Kwa hilo, sahani au udongo uliolowa humtosha. Maji ya kuogelea huyahitaji wakati wa kutaga tu, na muda uliobaki wa mwaka huishi nchi kavu. Wanaodhani chura lazima awe bwawani humpa maji mengi asiyoyahitaji na kumnyima kivuli anachokihitaji kila siku.

Cha tatu ni maficho na chakula. Mchana hujibanza penye giza na ubaridi, usiku hutoka kuwinda. Hula chochote kinachotambaa kinachoenea mdomoni: mchwa, sisimizi, mende, nondo, panzi, viwavi, konokono wadogo. Hana meno, kwa hiyo humeza mzima mzima, na kisichojongea hakimvutii.

Cha nne ni hatari, za kwake na za kwenu. Cha tano ni gharama, nguvukazi na sheria.

Kwanza, tunamzungumzia chura yupi?

Anayekuja bustanini mwenyewe katika sehemu kubwa ya Tanzania na kusini mwa Kenya mara nyingi ni Sclerophrys gutturalis. Ni mkubwa, jike lake hufika sentimita 12 hivi, ana mabaka ya kahawia mgongoni, na dume lake hukoroma usiku kucha mvua zikianza. Ukienda Uganda na magharibi zaidi utakutana na ndugu yake, Sclerophrys regularis. Wote wawili wamezoea kuishi na watu: mashamba, mitaro, viwanja vya nyumba, yote kwao ni makazi. Yupo pia chura mwekundu, Schismaderma carens, mwenye mstari wa ngozi iliyoinuka ubavuni tangu karibu na sikio hadi nyongani. Viluwiluwi wake huogelea kwa makundi makubwa yaliyosongamana, na kundi zima huonekana kwa juu kama wingu jeusi majini.

Hao ndio wa kukaribishwa. Wapo wengine wasiofaa kuguswa kabisa. Katika misitu ya pwani, kama Shimba Hills na mabaki ya misitu ya pwani ya Tanzania hadi Unguja, kuna chura mdogo, Mertensophryne micranotis, ambaye haendi hata bwawani kuzaa. Hutumia maji kidogo yaliyotuama kwenye tundu la mti, kombe la konokono au kifuu cha nazi. Katika milima ya Tao la Mashariki wapo vyura wa jenasi ya Nectophrynoides, wanaozaa watoto hai badala ya kutaga, na biashara ya kimataifa ya jenasi hiyo nzima imebanwa na CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, katika Kiambatisho cha Kwanza. Vyura hawa wameshonwa na msitu wao. Ukimtoa chura wa namna hii mahali pake hujampa makazi mapya, umemkatia uhai.

Basi, maneno yanayofuata ni ya wale vyura wa mitaani na mashambani.

Njia ya kwanza: kivuli na maficho bustanini

Hii ni njia ya kutomshika chura hata mara moja. Unatengeneza mazingira, yeye anajichagulia. Unarundika mawe machache yenye nafasi katikati, unalaza chungu kilichovunjika ubavu huku mdomo wake ukielekea upande usio na jua, unaacha majani makavu na matandazo chini ya migomba au vichaka, na unaweka sahani pana ya maji isiyozidi kina cha vidole viwili.

*Umri.* Chura aliye huru huwa na maadui wengi kuliko wa tangini, kwa hiyo usitegemee rekodi za miaka 30. Hata hivyo, aliyekwisha kuwa mkubwa na akapata mahali salama hukaa palepale miaka na miaka, kwani vyura wa jamii hii huwa na mazoea ya mahali. Na uzuri wa njia hii ni kwamba umri wake haukutegemei wewe peke yako. Ukisafiri miezi miwili, chura hatajua. Ukihama, mpangaji mwingine atamkuta.

*Maji.* Ile sahani tu, na umwagiliaji wako wa kawaida. Badilisha maji yake kila siku, au walau kila baada ya siku mbili. Mbu huhitaji takriban wiki moja hadi mbili kutoka yai hadi kuruka, hivyo hawatapata nafasi. Kiangazi kikikaza, chura hujifukia udongoni na kupunguza mwendo wa mwili mpaka mvua zirudi. Usimfukue kwa kumwonea huruma. Ukimfukua utamwunguza kwa jua.

*Maficho na chakula.* Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine. Bustani yenye mboji, matandazo na mimea ya namna mbalimbali hutoa wadudu wa aina nyingi kuliko unavyoweza kununua popote. Sharti lake ni moja na ni zito: lazima uache dawa za wadudu, au uzipunguze sana na kuzitumia mbali na maficho. Ngozi ileile inayofyonza maji hufyonza na sumu, na wadudu wenye dawa tumboni huipeleka kwa anayewala. Mkulima wa mboga anayepuliza kila wiki asijenge maficho ya chura, kwa sababu atakuwa anamwita kwenye mtego. Chumvi nayo ni sumu kwake. Kumwagia chura chumvi, kama wengi wanavyofanya kwa hofu, ni kumkausha akiwa hai.

*Hatari.* Niseme wazi linalowatia watu wasiwasi kuliko yote: nyoka. Panapokaa vyura, wanaokula vyura huweza kufuata. Kuna nyoka wadogo wenye sumu wa jenasi ya Causus, ambao vyura wa namna hii ndio chakula chao kikuu. Kuumwa nao huvimbisha na kuuma sana, ingawa vifo ni nadra. Wasiwasi huu una msingi na siupuuzi. Weka maficho mbali na mlango na mbali na mahali watoto wanapochezea, fyeka nyasi za njiani, tembea na tochi usiku, na usiingize mkono chini ya mawe. Kama nyumba yako iko pembeni mwa pori lenye nyoka wengi, pengine ni busara kutorundika mawe kabisa na kuacha chura akae mbali zaidi, shambani.

Mbwa nao wakumbuke. Nyuma ya macho ya chura kuna tezi mbili zinazotoa utomvu mweupe wenye sumu. Mbwa akimng'ata hutokwa na povu mdomoni, na mbwa mdogo anaweza kuathirika vibaya. Msafishe mdomo kwa maji yanayotiririka kuelekea nje, kisha umwone daktari wa mifugo. Kwa binadamu, kunawa mikono na kutogusa macho kunatosha. Chunjua hazitoki kwa chura. Zinaletwa na virusi vya binadamu.

*Gharama na sheria.* Karibu hakuna gharama. Na kwa kuwa hujamkamata mnyama, huna kibali cha kutafuta.

*Inamfaa* mtu mwenye uwanja hata mdogo, mpangaji, mwenye bustani ya mboga anayetaka kupunguza viwavi na konokono, na yeyote asiye na uhakika wa kesho yake. *Haimfai* anayetaka kumwona chura kila siku kwa saa anazotaka. Kuna wiki ambazo hutamwona hata kidogo.

Njia ya pili: kidimbwi

Ukiwa na nafasi na unatamani si chura mmoja bali kizazi baada ya kizazi, kidimbwi ndicho kinachobadilisha mambo. Jike mmoja wa gutturalis anaweza kutaga mayai zaidi ya elfu kumi, yakiwa kwenye nyuzi ndefu za utelezi zinazozungushwa kwenye mimea ya majini. Baada ya wiki tano au sita, viluwiluwi hugeuka kuwa vichura vyenye urefu wa sentimita moja hivi na kutoka majini kwa pamoja.

*Umri.* Hesabu ya hapa ni ya ukoo, na ni hesabu kali. Katika maelfu hayo ya mayai, wanaofikia utu uzima ni wachache mno. Asiyejiandaa kuona vifo vingi atakata tamaa msimu wa kwanza. Lakini hao wachache wakifika, wana mvuto wa kurudi: vyura wengi wa jamii hii hurejea kuzaa kwenye maji waliyozoea, na kidimbwi kizuri huweza kutumika na vizazi vinavyofuatana kwa miaka mingi zaidi ya umri wa chura yeyote mmoja. Ukikifukia baada ya miaka miwili, umewaita kisha ukawafungia mlango. Chimba kama una hakika utabaki.

*Maji.* Maji ya mvua ndiyo bora. Ya bomba yenye klorini yaache wazi kwa siku moja au zaidi kabla viumbe hawajaingia. Chimba upande mmoja uwe na kina cha sentimita 40 hadi 60, na upande wa pili uteremke polepole mpaka usawa wa ardhi. Mteremko huo usiuache: kichura kinapopoteza mkia huanza kupumua kwa mapafu, na kikikosa pa kupandia kinazama. Nimeona vidimbwi vya saruji vyenye kuta wima vilivyojengwa kwa mapenzi makubwa vikigeuka makaburi ya vichura kwa kukosa jiwe moja la kukanyagia.

*Maficho na chakula.* Kidimbwi peke yake si makazi ya chura mkubwa, naye hataishi humo. Kinahitaji ile njia ya kwanza pembeni yake: vichaka, mawe, majani. Viluwiluwi wa chura hula zaidi mwani na vitu vinavyooza, kwa hiyo hakuna haja ya kuwalisha ukishapanda mimea ya majini. Samaki usiwaweke, kwani wengi hula mayai au viluwiluwi. Bata nao wawekee uzio; kundi la bata linaweza kumaliza uzao wa msimu mzima.

*Hatari.* Ziko mbili za kuzikabili kwa uzito wote. Ya kwanza ni mtoto. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja, na hakuna chura anayestahili kulipiwa bei hiyo. Kama nyumbani kuna watoto walio chini ya umri wa shule, au wa jirani huingia bila hodi, ama weka uzio wa kweli au subiri wakue.

Ya pili ni mbu. Anopheles gambiae, mmoja wa waenezaji wakuu wa malaria kwetu, hupenda vidimbwi vidogo, vya jua, visivyo na mimea mingi. Hata unyayo wa ng'ombe wenye maji humtosha. Usidanganyike kwamba viluwiluwi wa chura watakula viluwiluwi vya mbu. Kinachosaidia ni kina cha kutosha, mimea inayofunika sehemu ya maji, na kereng'ende, ambao watoto wao huishi majini na kuwinda viluwiluwi vya mbu. Pia kuna dawa za kibaiolojia zenye bakteria wanaoitwa kwa kifupi Bti, zilizotengenezwa kulenga viluwiluwi vya mbu. Tanzania ina kiwanda cha dawa za aina hiyo Kibaha. Chota maji kwa kikombe cheupe kila wiki ukague. Ukiona viluwiluwi vya mbu kila mara na huna uwezo wa kuvidhibiti, kidimbwi hicho kinawadhuru majirani zako, na ni haki yao kulalamika.

Kelele ni jambo dogo kuliko hayo, ila litaje kwa jirani mapema. Madume huita usiku kucha.

*Gharama na sheria.* Karatasi nzito ya plastiki, siku kadhaa za jembe, na kazi ya kuondoa matope kila mwaka. La kushikilia hapa ni hili: usilete mayai wala vyura kutoka mbali. Subiri waje wenyewe. Kama wapo jirani, mvua zikianza watasikia maji. Kubeba vyura kumeleta maafa makubwa. Mwaka 1922 gutturalis huyuhuyu wa kwetu alipelekwa Mauritius ili ale wadudu wa miwa, akaenea na kuwatafuna wadudu na konokono wa asili wa kisiwa. Mwaka 1935 chura wa miwa alipelekwa Queensland, Australia, kwa sababu hiyohiyo, na mpaka leo sumu yake inaua wanyama wanaojaribu kumla. Madagaska nayo inahangaika na chura wa Asia aliyegunduliwa karibu na Toamasina mwaka 2014. Ndoo moja ya viluwiluwi kutoka mkoa mwingine inaweza pia kubeba kuvu wa ngozi, Batrachochytrium dendrobatidis, ambaye amemaliza vyura katika nchi nyingi duniani.

*Inamfaa* mwenye ardhi yake, shule yenye uwanja mkubwa na uzio, mkulima asiyetumia dawa kali, na mtu mwenye subira. *Haimfai* mpangaji, mwenye watoto wadogo, wala anayeishi kwenye nyumba zilizobanana ambako mbu wa mmoja ni mbu wa wote.

Njia ya tatu: tangi la kioo

Njia hii ina washabiki wake, na si wote wanaosukumwa na ubinafsi. Mwalimu wa sayansi anayetaka wanafunzi waone kiluwiluwi kikiota miguu ana haja ya kweli. Mtu wa ghorofani asiye na hata kipande cha udongo naye ana haja yake. Ila lazima tutenganishe mambo mawili: kuwatunza viluwiluwi kwa wiki chache, na kumfuga chura mkubwa mpaka afe.

*Umri.* Ni kweli kabisa kwamba rekodi ndefu za umri zimetoka kwa vyura waliofugwa. Hakuna nyoka, hakuna gari, hakuna njaa ya kiangazi. Lakini rekodi ni za waliotunzwa vizuri, na wanaokufa ndani ya miezi mitatu kwa uzembe hawaandikwi popote. Ukichukua njia hii, miaka yote ya chura iko mikononi mwako, pamoja na siku za msiba, safari na kukatika umeme.

*Maji.* Sahani isiyo na kina, maji yasiyo na klorini, yakibadilishwa kila siku. Chura hujisaidia humohumo anamofyonzea maji, hivyo maji yakichafuka anajilisha uchafu wake kwa ngozi.

*Maficho na chakula.* Tangi la chura mmoja mkubwa liwe na urefu wa walau sentimita 60, udongo laini usio na mbolea wa kumtosha kujifukia, gome la mti la kujibanza, mfuniko wenye matundu, na mahali pasipopigwa na jua la moja kwa moja. Kioo juani hupika. Chakula ndicho kinachowashinda wengi. Mende waliookotwa jikoni huenda wamekula sumu. Wadudu wa aina moja kila siku humletea chura upungufu: kalsiamu ikikosekana mifupa hulegea, na vitamini A ikikosekana ulimi hushindwa kunata mawindo, chura akawa anarusha ulimi bila kupata kitu mpaka akadhoofika. Hii ina maana ya kufuga wadudu pia, na kuwalisha vizuri kabla hawajaliwa.

Kipimo cha ugumu wa kazi hii tunacho hapahapa Tanzania. Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, mdogo wa manjano asiyefika sentimita 3, aliishi kwenye hekta mbili hivi za majani yaliyolowanishwa na mvuke wa maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Aligunduliwa mwaka 1996. Mradi wa umeme ulipochepusha sehemu kubwa ya maji ya mto, mvuke ukakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, na bustani za wanyama za Bronx na Toledo ndizo zilizokuja kuwa ngome yao. Hata mikononi mwa wataalamu, idadi yao ilishuka hadi takriban 70 mwaka 2004 kabla ya matunzo kupatikana barabara. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2010 baadhi walirudishwa Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni kwao, ambako mabomba ya kunyunyiza maji yamewekwa kuiga ule mvuke wa zamani. Bila kioo, spishi hiyo isingekuwepo leo; hilo lazima tulikiri kwa shukrani. Na kioo hicho kilihitaji madaktari, pampu, taa maalumu na miaka kumi na zaidi ya kazi.

*Hatari.* Kwa nyumba ni ndogo: hakuna mbu, hakuna nyoka, hakuna kuzama. Bakteria wa salmonela wapo ngozini mwa vyura wengi, kwa hiyo sabuni kila baada ya kugusa tangi, na vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni. Kwa chura, hatari ni upweke wa uangalizi: hakuna mwingine wa kumsaidia ukisahau.

*Gharama na sheria.* Ni njia ghali kuliko zote. Na kumtoa mnyama porini kunagusa sheria: Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na Kenya ina yake ya 2013, zote zenye masharti kuhusu kukamata na kumiliki wanyamapori. Uliza ofisi ya wanyamapori ya eneo lako kabla, si baada. Chura aliyekaa tangini na wanyama wengine asiachiwe huru tena, kwa sababu ya magonjwa. Usimchukue ukiwa na nia ya kumrudisha ukichoka.

*Inamfaa* taasisi yenye mtu aliyepangiwa kazi hiyo hata wakati wa likizo, au mtu mzima mwenye utaratibu wa maisha usioyumba na kibali mkononi. *Haimfai* mtoto peke yake, msafiri wa mara kwa mara, wala anayetaka mnyama wa kushikashika. Chura hapendi kushikwa. Joto na chumvi ya kiganja chako vinamdhuru.

Uamue vipi kulingana na hali yako

Ukiwa umepanga nyumba yenye kiwanja kidogo, anza na chungu kilichovunjika na sahani ya maji. Hutapoteza kitu ukihama.

Ukiwa mkulima wa bustani unayetaka wasaidizi wa usiku, tangulia kuacha kupuliza dawa kwa msimu mzima, ndipo ujenge maficho pembeni mwa matuta. Kidimbwi kije mwaka wa pili, ukishaona kuwa vyura wapo na wanakaa.

Ukiwa mwalimu, fuata njia ya katikati. Baada ya kuzungumza na wahusika wa wanyamapori, chukua viluwiluwi wachache tu kutoka dimbwi la jirani na shule, uwaweke kwenye beseni pana pamoja na maji yao wenyewe na jiwe la kupandia, bila kuchanganya na viumbe wa kwingine, kisha uwarudishe dimbwi lilelile wanapoota miguu ya mbele. Ni wiki chache, na wanafunzi wataona yote muhimu. Panga isiangukie likizo.

Ukiwa na watoto wadogo au unaishi penye malaria kali na nyumba zilizosongamana, kidimbwi kiahirishe. Ukiwa na mbwa mpenda kuwinda, weka maficho upande asiofika, na umfungie mbwa saa za mwanzo wa usiku siku za mvua, ambapo vyura hutembea zaidi.

Ukiwa ghorofani na huna udongo, fikiria kwa dhati kama unamtaka chura au unataka vyura waendelee kuwepo. Kwa hilo la pili, pembe ya uwanja wa pamoja iliyoachwa na majani yake, na ubao wa kupandia kwenye kila shimo la maji lililo wazi, vitawafikia vyura wengi kuliko tangi lako.

Na kama hukupanga lolote ila umemkuta bafuni usiku huu, huna haja ya chumvi wala ufagio. Mfunike kwa ndoo, pitisha kipande cha kadibodi chini yake, mtoe mpaka penye majani ndani ya kiwanja hichohicho, kisha uzibe upenyo chini ya mlango. Usimpeleke mtaa wa pili. Kwake ni hapo.